Mama Kiasi na Kitufe cha Sita

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti karibu na redio. Mwenye sufuria jikoni apunguze moto. Leo tunamkumbuka mwanamke ambaye wengi wenu mmeisikia kazi yake bila kumwona hata siku moja.

Mlikaa ukumbini mkimtazama mwimbaji. Mkapiga makofi. Mkatoka mkisema, leo sauti ilikuwa safi. Aliyeisafisha alikuwa nyuma yenu, kwenye kiti chenye mto wa bluu, miwani imeshuka puani, mikono miwili juu ya miksa, mashine ya kuchanganya sauti. Wanamuziki walimwita Mama Kiasi.

Mama Kiasi alifariki Jumanne ya wiki iliyopita, asubuhi, nyumbani kwake. Moyo ulichoka. Alikuwa na umri wa miaka sitini na mitatu. Kwa waliofungua redio sasa hivi, tunarudia: tunamkumbuka Mama Kiasi, fundi sauti wa ukumbi wa mji kwa miaka thelathini na minane.

Baba yake alikuwa fundi wa pasi na redio. Alikuwa na mabinti wanne, na alipohitaji mtu wa kumshikia tochi aliwaita kwa zamu. Watatu walisinzia. Wa nne aliuliza waya huu unakwenda wapi, akaambiwa anyamaze, akauliza tena. Huyo ndiye wetu.

Alisoma umeme chuo cha ufundi, mwanamke peke yake kati ya wanafunzi kumi na tisa. Siku ya kwanza mwalimu alimwambia kwa upole kwamba darasa la ushonaji liko jengo la pili. Alimjibu kwamba ameliona akipita, na wanamsalimia. Kisha akakaa kiti cha mbele. Miaka miwili baadaye alitoka na diploma, na kovu la moto wa kulehemu kwenye kidole gumba ambalo alipenda kuwaonyesha watu waliodhani diploma ni karatasi.

Akiwa na miaka ishirini na minne aliajiriwa ukumbini. Jina alilipata huko. Mpiga gitaa akisema ongeza gitaa, yeye hujibu, "Kiasi." Mwimbaji akisema mimi sijisikii, hujibu, "Kiasi." Meneja akija kulalamika kwamba kelele zimezidi, alijibiwa neno hilohilo. Mume wake, mpiga plasta mstaafu, anasema hata nyumbani ilikuwa hivyo. "Hakuwahi kuniambia punguza redio. Aliinua kidole tu, nami nikajua."

Sasa, wasikilizaji, ili mumjue vizuri inabidi muijue mashine yake. Msiogope. Ni somo la dakika mbili na halina mtihani.

Kila maikrofoni ukumbini inaingia kwenye miksa kwa njia yake. Kila njia ina kitu cha kusukuma juu na chini kwa kidole. Ukikisukuma juu, sauti inakua. Ukikivuta chini, inapungua. Mafundi hukiita feda. Feda, jamani, siyo fedha. Ya fedha muulizeni meneja.

Bendi ya watu wanane inaweza kuwa na njia ishirini. Una vidole kumi. Ukitaka bendi nzima ishuke kidogo ili mtu aongee, utafanyaje? Hapo ndipo inapoingia VCA. Maana yake ni kikuza sauti kinachoongozwa kwa volti. Ndani ya kila njia kuna kikuza sauti kidogo, na chenyewe hakina maamuzi. Kinasubiri volti. Volti ikibadilika, kinafungua zaidi au kinabana. Katikati ya miksa ya Mama Kiasi kulikuwa na feda nane maalumu za VCA, zenye namba. Ukivuta ya sita, na njia ishirini zimeunganishwa na ya sita, zote zinapokea amri pamoja na zinashuka pamoja. Iliyokuwa juu ya mwenzake inabaki juu ya mwenzake.

Na hili ndilo Mama Kiasi alilokuwa akiwauliza wote waliokuja kujifunza kwake. Alikuwa akiweka kidole kwenye feda ya sita na kuuliza, "Sauti inapita wapi hapa?" Wanafunzi walichora njia kwa vidole, ikiingia hapa, ikitokea pale. Walikosea wote. Sauti haipiti hapo kabisa. Kinachopita hapo ni amri.

Mwenye jikoni atanielewa. Kuna namna moja ya kupunguza mambo: unamimina sufuria zote kwenye sufuria moja kubwa, halafu unapunguza moto wa hiyo moja. Kuna namna nyingine: unasimama mlangoni na kusema, punguzeni moto. Kila mmoja anapunguza wake. Hujagusa sufuria ya mtu. VCA ni huyo wa mlangoni.

Lakini mpishi mmoja akiamriwa na wawili, anawatii wote wawili. Huyu akimwambia shuka hatua kumi, na yule akamwambia shuka tano, anashuka kumi na tano. Shikeni hilo. Ndilo lililoivuruga familia.

Ni miaka kumi na miwili iliyopita. Mama Kiasi alikuwa na miaka ishirini na saba kazini. Mwanawe wa kwanza, fundi bomba, alikuwa ameoa binti anayekata lenzi za miwani katika duka la macho. Binti huyo alikuwa na sauti. Haikuwa kubwa, ilikuwa nyembamba na imenyooka, haitetemeki hata kidogo. Aliimba na bendi ya ukumbi akiwa nyuma, pamoja na wenzake wawili. Chuo cha wauguzi kilipofanya tamasha lake Jumapili moja alasiri, akapewa wimbo wake mwenyewe, alioutunga mwenyewe, mbele, peke yake. Wauguzi wapya walikuwa wamekuja na mama zao na baba zao. Viti vilijaa.

Kwenye miksa alikuwa mama mkwe wake.

Bendi ikaanza. Mkwe akaimba. Mama Kiasi, akijua sauti ya binti ni ndogo, akaweka kidole kwenye feda ya sita, ya bendi, akaishusha kidogo ili ampishe. Sauti ya binti ikapungua. Akasogeza bendi chini tena. Sauti ya binti ikapungua tena. Akasukuma feda ya binti mwenyewe mpaka juu kabisa, na bendi akaivuta chini zaidi. Binti akabaki kama mtu anayeongea nyuma ya dirisha lililofungwa. Mdomo unaonekana.

Na yeye jukwaani hakujua. Sauti inayokwenda kwenye spika za jukwaani, zile zinazowatazama waimbaji, huchukuliwa mapema, kabla ya kufika kwenye feda. Kwa hiyo alijisikia vizuri kabisa. Aliimba akifurahi. Kisha akaona watu wa mstari wa tatu wanasogeza vichwa mbele, wameweka mikono masikioni. Akaona mama mmoja anamuuliza jirani yake.

Ukafika ubeti wa mwisho, ambapo bendi hurudi kwa nguvu. Mama Kiasi akaipandisha bendi. Sauti ya binti ikarudi nayo, sasa feda yake iko juu kupita kiasi, na spika zikapiga yowe. Watu wakaziba masikio. Wengine wakacheka, si kwa ubaya, lakini walicheka.

Binti alishuka jukwaani. Akamkuta mama mkwe wake mlangoni na kumuuliza imekuwaje. Mama Kiasi alikuwa na miaka ishirini na saba bila kosa la kutangazwa. Alijibu kama alivyojibu waimbaji wote. "Uliishika maiki kama kijiko. Uliiweka kifuani. Maiki haisikii kifua."

Binti alivaa viatu vyake vya kawaida akaenda nyumbani kwa miguu.

Sisi tulimtembelea wiki hii, na hakutuficha alichowaza. "Niliisikia sauti yangu masikioni mwangu, nilijua sikukosea. Kwa hiyo kuna mtu alinizima. Na kwenye ile mashine kulikuwa na mikono ya mtu mmoja tu."

Wanabendi nao hawakusaidia. Mmoja alisema mama mkwe huwa hapendi kumsikia mkwe hata jikoni, sembuse ukumbini. Maneno hayo yalifika. Yakapita kwenye midomo mitano, yakafika yamenenepa. Binti akaiacha bendi. Akaacha pia kwenda kwa wakwe siku za mapumziko. Mume wake anakumbuka wiki hizo nne bila raha: mchana alikula kwa mama yake, jioni alikula kwa mke wake, na kote alikula kimya. Kulikuwa na kazi ya mabomba katika mji mwingine, mbali. Wakaanza kuizungumzia. Mkewe alikuwa ameshaulizia maduka ya macho ya huko.

Hapo ndipo ilipofikia, wasikilizaji. Binti alikuwa anaacha kuimba, na mtoto wa Mama Kiasi alikuwa anahama. Na Mama Kiasi bado aliamini, kwa moyo mweupe, kwamba kosa ni la mkono ulioshika maiki.

Jumatano moja mchana walimu walikuwa na mkutano wao wa mwaka ukumbini. Mshereheshaji alikuwa na maiki ile ile aliyoimbia binti, kwenye njia ile ile ya kumi na nne, mara ya kwanza kutumika tangu tamasha. Bendi ikapiga, mshereheshaji akaanza kuongea juu ya muziki, na Mama Kiasi akafanya alichofanya mara elfu: akaishusha bendi. Mshereheshaji akapotea. Akaipandisha bendi. Mshereheshaji akarudi. Akaishusha tena, taratibu. Mshereheshaji akaenda nayo, mpaka chini, huku anacheka na kupunga mkono kwa walimu ambao hawasikii neno.

Kila njia ina vitufe vidogo vinane, kimoja kwa kila VCA. Ukikibonyeza, njia inaunganishwa na taa yake ndogo inawaka. Mama Kiasi alipanga kazi yake kwa taa. Inayowaka imeunganishwa, isiyowaka haijaunganishwa. Akaangalia njia ya kumi na nne. Taa ya kwanza, ya waimbaji, inawaka. Taa ya sita, ya bendi, haiwaki.

Akaweka kidole kwenye kitufe cha sita hata hivyo. Akakuta kimezama. Akakibonyeza, kikapanda, na mshereheshaji akasikika ukumbi mzima, katikati ya sentensi, akiwashukuru walimu kwa uvumilivu wao.

Taa ya kile kitufe ilikuwa imeungua. Na yeye alijua imeungua. Iliungua tangu mvua zianze, akasema ataibadilisha wiki ijayo, na wiki ijayo ikawa na kazi nyingine. Siku moja kabla ya tamasha la wauguzi, tarumbeta ilikuwa imepita kwenye njia ya kumi na nne, akaiunganisha na bendi. Kesho yake akavifungua vitufe vya njia hiyo kwa kutazama taa tu. Taa hazikumwonyesha kitu. Kwa hiyo mkwe wake aliimba akiwa anaamriwa na feda mbili, ya waimbaji na ya bendi. Kila mama mkwe alipoishusha bendi ili ampishe, alikuwa anamshusha na yeye.

Mume wa Mama Kiasi anasema siku ile mkewe alirudi nyumbani akakaa kwenye kiti bila kuvua viatu. Hakula. Alisema sentensi moja: "Nilimzamisha kwa mkono huuhuu niliokuwa namwinulia."

Asubuhi iliyofuata alikwenda duka la macho. Mkwe alikuwa nyuma, amevaa aproni, anasaga lenzi kwenye jiwe linalozunguka, maji yanachuruzika. Akamkaribisha kama adabu inavyotaka, bila kusimamisha jiwe.

"Mama, niko kazini."

"Naona. Nitasimama. Siku ya tamasha kosa lilikuwa langu. Siyo maiki, siyo kifua chako. Ni langu."

Jiwe likaendelea kuzunguka. "Mwanao ndiye amekutuma?"

"Hajui niko hapa."

"Basi usijisumbue kunibembeleza, mama. Nimeshazoea."

"Mimi sibembelezi," alisema Mama Kiasi. "Unanijua. Saa saba una mapumziko. Njoo ukumbini."

Binti anakiri alikwenda kwa ajili ya kumaliza maneno tu, asije akaambiwa hakwenda.

Ukumbi ulikuwa mtupu. Mafagio yameegemezwa ukutani, viti vimepandishwa juu ya viti. Mama Kiasi alimketisha kwenye kiti chake chenye mto wa bluu, kiti ambacho meneja mwenyewe hakuthubutu kukikalia. Akabonyeza kitufe cha sita, kikazama, taa haikuwaka. Akaushika mkono wa mkwe, akauweka kwenye feda ya sita. Akamwambia hii ni ya bendi, na unaona bendi haipo. Mimi nitaimba, wewe ishushe. Kisha akapanda jukwaani.

Wasikilizaji, Mama Kiasi alikuwa hawezi kuimba. Familia nzima inakubaliana juu ya hilo, na ni jambo pekee wanalokubaliana kwa haraka. Alisimama pale na maiki ya kumi na nne, akaimba wimbo wa kubembelezea watoto, ule uliowafanya watoto wake wanne walale mapema ili uishe. Mkwe akaishusha feda ya bendi ambayo haikuwepo. Sauti ya mama mkwe ikafifia. Akaishusha zaidi. Ikapotea. Na kule mbele Mama Kiasi anaendelea kuimba, anajisikia vizuri kwenye spika za jukwaani, anatikisa bega, anamaliza ubeti, anaanza wa pili, katika ukumbi usiosikia lolote.

Binti alimwona. Akajiona mwenyewe.

Alianza kucheka, akashindwa kuacha, akalala juu ya miksa. Kiwiko chake kikaipandisha feda, spika zikapiga yowe, Mama Kiasi akaitupa maiki. Mfagiaji alikuja mbio kuuliza nani ameumia. Akawakuta wawili hao, mmoja jukwaani, mwingine nyuma ya ukumbi, wanafuta machozi.

Lakini mkwe hakuwa mtu wa kuishia kwenye kicheko. Alisema maneno ya watu yalisemwa mbele ya bendi, kwa hiyo na haya yasemwe mbele ya bendi. Mama Kiasi aliguna. Kisha akakubali.

Siku ya mazoezi alisimama mbele ya wanaume saba waliokuwa wakimwogopa. Hakusema kulitokea hitilafu. Hakusema mashine ni ya zamani. Alisema: njia ya kumi na nne, kitufe cha sita, taa nilijua imeungua, sikuibadilisha, nikamzima mwimbaji wenu halafu nikamlaumu yeye.

Mpiga tarumbeta, ambaye ulimi wake haukuwa na feda, akasema, "Kumbe na wewe mama unakosea?"

"Mara mbili katika miaka ishirini na saba. Mara ya kwanza ni siku niliyowaambia wakupe kazi."

Wauguzi waliombwa warudi, wakakubali, na wiki mbili baadaye ukumbi ukafunguliwa tena alasiri. Kabla ya kuimba, mkwe alipita kwenye miksa akagusa kila kitufe cha njia yake kwa kidole chake mwenyewe. Mama Kiasi alisogea pembeni akampisha. Kisha binti akaenda kuimba. Bendi ikashuka. Sauti yake ikabaki pale ilipo, nyembamba, imenyooka, mpaka mstari wa mwisho, na watu waliokuwepo wanasema walisikia hata alipovuta pumzi. Ile kazi ya mabomba katika mji wa mbali alipewa mtu mwingine.

Baadaye mkwe aliomba kufundishwa mashine. Alifundishwa miaka kumi na moja, asubuhi duka la macho, alasiri ukumbini. Mwaka jana Mama Kiasi alistaafu, na ukumbi ukaleta miksa mpya ya kompyuta, ambayo ndani yake amri haiendi kwa volti tena, inakwenda kwa hesabu, na VCA sasa inaitwa DCA. Walimwita aje kuiona. Aliizunguka mara moja, mikono nyuma. Akasema wamebadilisha herufi, kazi ni ileile. Akamuuliza mkwe wake kama amegusa kila kitufe. Mkwe akamjibu kwamba vitufe vya sasa ni picha kwenye kioo. Akasema basi gusa kioo.

Wiki iliyopita, siku ya mazishi, watu walikuwa wengi na spika zilihitajika. Mkwe ndiye aliyezifunga. Alisema hakulia mpaka alipomaliza kujaribu maiki zote.

Kwa mzee wetu mpiga plasta, kwa watoto wanne na wajukuu saba, kwa mkwe, kwa bendi na kwa wote walioketi kwenye ukumbi ule: poleni sana. Poleni kwa kumpoteza mama, mke, bibi na fundi. Mungu awape nguvu, na ampumzishe mahali pema.

Nanyi mnaotusikiliza, hebu tutafakari. Inawezekana kuna mtu ulimwambia kosa ni lake, na sasa unajua lilikuwa lako. Usimtumie ujumbe wa kusema samahani kwa yote. Yote ndiyo nini? Nenda kwake. Mwambie ni lipi, lilitokea siku gani, na ulifanya nini kwa mkono wako. Akikwambia usimbembeleze, usikasirike. Subiri mapumziko yake.

Na kama jina la mtu huyo limekujia sasa hivi, usikae hapo ukitusikiliza sisi. Tuzime. Hatutachukia. Vaa viatu uende.